Wakili wa chama si wakili wa mwenyekiti

"Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu wa sekondari na mjumbe wa bodi ya chama chetu cha ushirika wa nyumba. Tuko wanachama 86, wengi wetu walimu na wauguzi wa hapa Dar es Salaam. Tumepata shamba la ekari 22 huko Mkuranga, kila ekari shilingi milioni 12. Wauzaji ni ndugu watano, shamba lilikuwa la marehemu baba yao. Dalali amekuja na wakili anayesema ataandaa mkataba na kusimamia pande zote mbili kwa milioni mbili tu. Mwenyekiti wetu anamtaka mpwa wake aliyeapishwa uwakili mwaka jana. Wanachama wengine wanamtaka wakili mmoja maarufu wanayemwona kwenye televisheni. Na wapo wanaosema wakili wa nini, muhuri wa wakili yeyote na saini ya mwenyekiti wa kijiji vinatosha. Bodi inakaa Jumamosi, na wauzaji wanataka asilimia 30 kabla ya mwisho wa mwezi. Tumchukue nani, na tumchague vipi?"

Marahaba, Mwalimu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kila mara jicho linakwenda pale pale: mwisho wa mwezi. Asilimia 30 ya milioni 264 ni karibu milioni 80. Ni akiba za watu 86 zinazotaka kutoka benki kabla chama hakijawa na mtu hata mmoja wa kukiambia kama hao ndugu watano wana haki ya kuuza. Kwa hiyo kabla ya kuulizana ni nani, mkubaliane kwamba fedha haitoki hadi wakili wenu, yule mtakayemchagua ninyi, awe ameweka maoni yake kwenye karatasi. Muuzaji wa kweli atawasubiri wiki tatu.

Nianze na hao wanaosema muhuri unatosha, maana wako wengi na si wajinga. Wameona mikataba mingi yenye muhuri wa duara wa bluu na wakadhani wakili amekagua mambo. Mara nyingi hajakagua chochote. Wakili anapogonga muhuri wake kama Kamishna wa Viapo anashuhudia kitu kimoja tu: kwamba mtu huyu alifika mbele yangu, nikamtambua, akatia saini. Watu wawili wakiuziana Bahari ya Hindi, saini zao zinaweza kushuhudiwa vizuri kabisa na bahari ikabaki pale pale. Kuandaa mkataba ni kazi nyingine, na kuchunguza ardhi na kushauri ni nyingine tena. Chukueni huo mkataba wa dalali mtazame chini ya ukurasa wa mwisho. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka aliyeuandaa aandike jina na anwani yake. Ukikuta muhuri wa shahidi upo lakini sehemu ya "Umeandaliwa na" iko tupu, jiulizeni ni nani aliyeuandika na kwa nini hataki ajulikane.

Na saini ya mwenyekiti wa kijiji? Hapo inategemea ardhi yenyewe ni ya aina gani. Tanzania tuna ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Mkuranga kuna maeneo yaliyokwisha kuingia kwenye mipango miji na kuna maeneo ambayo bado ni ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Kama shamba lenu ni la kijiji, mwenyekiti peke yake si halmashauri ya kijiji, na Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyopata idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Tena ninyi si wanakijiji. Ninyi ni chama chenye makao Dar es Salaam, na sheria ina njia yake kwa mashirika ya nje ya kijiji, njia inayopita kwenye halmashauri ya kijiji hadi kwa Kamishna wa Ardhi. Wakili anayefaa atawauliza habari ya aina ya ardhi kabla hajauliza bei. Asipouliza, mshukuruni kwa chai mwondoke.

Sasa huyu wa pande zote mbili. Naelewa kinachovutia: milioni mbili, mkataba tayari, mambo yaishe. Lakini hebu tazama kazi yenyewe. Baba amefariki, ameacha watoto watano. Kwa sheria hao watano hawawezi kuuza shamba la marehemu kwa kukubaliana tu chini ya mwembe. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wakili wenu lazima aone uteuzi huo kwa macho yake, ahakikishe kwenye mahakama iliyoutoa kwamba ni wa kweli na haujatenguliwa, kisha aulize maswali yasiyopendeza. Mama yao yuko hai? Kulikuwa na mke mwingine? Kuna mtoto wa sita yuko Mwanza au Muscat ambaye hajui shamba linauzwa? Maswali hayo ni mema kwenu na ni mabaya kwa muuzaji mwenye haraka. Wakili mmoja aliyekaa katikati, siku swali hilo likimjia kichwani, atalitoa au atalimeza? Akilitoa amemkwaza mteja mmoja, akilimeza amemwangamiza mwingine. Na dalali aliyemleta analipwa biashara ikikamilika, halipwi biashara ikisitishwa. Huyo si wenu, hata kama ni mtu mwema. Abaki na wauzaji, na akiwa upande wao atakuwa na msaada, kwa sababu wakili wenu atapata mtu wa kuandikiana naye.

Mpwa wa mwenyekiti simkatai kwa umri. Wakili wa mwaka mmoja aliyefundishwa vizuri huwa na bidii kuliko sisi wenye mvi, na nyaraka anazisoma hadi mwisho. Shida iko kwingine, na ndiyo sababu nimeandika jibu refu namna hii.

Chama chenu, kwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika, Namba 6 ya mwaka 2013, ni mtu kisheria. Kinamiliki, kinashtaki, kinashtakiwa, kwa jina lake. Mteja wa wakili ni huyo "mtu", na kauli yake kubwa inatoka kwenye mkutano mkuu, halafu kwenye bodi kwa yale ambayo bodi imepewa. Mwenyekiti ni mdomo tu wa chama, na hata mdomo huo unatakiwa kusema kilichoandikwa kwenye muhtasari. Wakili wa chama anapaswa kuwa mtu anayeweza kumwambia mwenyekiti, mbele ya bodi nzima, "Hapana mzee, hili huna mamlaka nalo." Mpwa atamwambia mjomba wake hivyo? Labda. Mimi mjomba wangu nisingethubutu.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na chama kimoja cha nyumba, si cha Pwani, kilichokuwa kimemwondoa mwenyekiti wake kwa kura. Bodi mpya ilikwenda kwa wakili wa zamani kuomba jalada la ununuzi wa kiwanja. Wakili akafungua kabati, akatoa jalada, akawaonyesha juu yake: jina la mteja lilikuwa la yule mwenyekiti. Chama hakikutajwa popote. Hakukuwa na barua ya bodi, wala muhtasari, wala mkataba wa huduma. Mazungumzo yote yalikuwa ya simu na WhatsApp. Yule wakili hakuwa mwizi, alikuwa amefanya kazi aliyotumwa na mtu aliyemtuma. Ilituchukua miezi saba kupata nakala za nyaraka ambazo chama kilikuwa kimezilipia. Nilijifunza siku ile kuangalia lebo ya jalada kabla ya kuangalia kilichomo ndani.

Kwa hiyo mpwa akitaka kazi, aombe kama wengine, mwenyekiti atangaze undugu wao na atoke nje bodi inapojadili, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari. Akishinda kwa haki, sawa. Ila ningependa zaidi asiombe.

Kuhusu wa televisheni sina mengi. Kutetea kesi ya jinai au ya katiba ni kipaji, na kuhamisha hati ya ekari 22 ni kipaji kingine. Mkimwendea, mwulizeni ni nani ofisini kwake atakayeshika jalada, halafu ombeni kuzungumza na huyo.

Sasa mtamjuaje anayefaa? Hatua ya kwanza ni rahisi mno na watu hawaifanyi. Wakili wa Tanzania Bara lazima awe kwenye orodha ya mawakili na awe na leseni hai ya mwaka husika, ambayo huhuishwa kila mwaka. Jina lake mnaweza kulitafuta kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili, au kuuliza Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Dakika tano. Ofisi yenye kiyoyozi na vitabu vyenye migongo myekundu haithibitishi kitu. Pia msichanganye mwanasheria na wakili: mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria na akili nyingi, lakini kama hajaapishwa haruhusiwi kuwaandalia mkataba wa ardhi kwa malipo.

Hatua ya pili ni mazungumzo, na hapa msiende na maswali ya "una uzoefu wa miaka mingapi". Ulizeni mambo ya ushirika, kwa sababu mawakili wengi wazuri wanajua kampuni na hawajui ushirika, na tofauti hiyo huonekana siku mambo yakiharibika. Mimi ningemwuliza hivi: "Tukitaka kukopa benki ili kumalizia malipo ya shamba, tunahitaji idhini ya nani?" Akijibu kwamba azimio la bodi linatosha, anafikiria kampuni, zile zinazosajiliwa BRELA. Chama cha ushirika kina ukomo wa madeni unaopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Bodi ikikopa nje ya hapo, mkopo wenyewe una ugonjwa na wajumbe wamejiweka pabaya. Ningemwuliza tena: "Mwanachama akigombana na chama kuhusu michango yake, tunaanzia wapi?" Wa kukimbilia mahakamani moja kwa moja atawapotezea mwaka, kwa sababu migogoro ya ndani ya ushirika ina ngazi zake, ndani ya chama na kwa Mrajis, kabla mahakama haijafikiwa. Mgogoro na wauzaji ni habari nyingine. Huo ni wa ardhi, na kama mnachodai ni ardhi yenyewe, kwa thamani ya milioni 264 uko ndani ya kiwango cha milioni 300 cha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakili anayejua kutenganisha njia hizi mbili bila kufungua kitabu, mwekeeni alama.

Swali la tatu ndilo zito, nalo ninyi wenyewe pengine hamjalijibu: hati itatoka kwa jina la nani? Nimeona wanachama wanaolipa miaka sita wakiamini kila mwezi kwamba wananunua "kiwanja changu namba 41". Kisheria, hadi siku ya uhamisho, wananunua hisa na wanaweka michango. Ardhi ni ya chama. Chama kikiweka hati rehani na mkopo ukashindikana, benki haitauliza kiwanja namba 41 ni cha nani. Kuna vyama vinavyoona hiyo ni sawa, chama kibaki na hati moja na wanachama wakae kwa haki ya uanachama wao. Kuna vinavyotaka shamba lipimwe viwanja na kila mtu apate hati yake. Na mkijenga ghorofa badala ya nyumba moja moja, kuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inayoruhusu kila mwenye sehemu kuwa na hati yake. Kila njia ina kodi zake, ada zake za upimaji na hatari zake. Mkigawa hati mapema, mwanachama anaweza kuuza kwa mgeni kesho yake na chama kikabaki jina tu. Mkichelewa mno, deni la chama linaning'inia juu ya kichwa cha aliyemaliza kulipa. Nafikiri kwa watu wa kipato chenu kugawa hati ni bora, kwa sharti kwamba masharti ya chama yaseme wazi mwanachama akimaliza kulipa uhamisho wake unaanza ndani ya siku ngapi. Lakini huo ni uamuzi wa mkutano mkuu. Ninachotaka kwa wakili ni kwamba alitaje suala hilo mwenyewe. Anayekimbilia mkataba wa ununuzi bila kujua shamba litaishia mikononi mwa nani ni kama fundi anayemwaga zege kabla ya kuona ramani.

Ombeni pia majina ya vyama viwili alivyovihudumia, kisha zungumzeni na katibu au meneja wa kila chama, si mwenyekiti. Makatibu ndio wanaojua simu za nani hazipokelewi.

Habari ya ada. Kuna Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayotoa viwango, kwa hiyo mtu asiwaambie "hiyo ni bei yangu tu" bila kueleza msingi wake. Gawanyeni kazi kwa hatua: uchunguzi na maoni, mkataba, uhamisho hadi hati. Lipeni kila hatua ikiisha, kwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kumbukeni chama kina wajibu wa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada hiyo, na kama wakili amesajiliwa kwenye VAT kuna asilimia 18 juu yake, basi ulizeni mapema kama bei yake imeijumuisha. Jambo moja nalikataa kabisa: wakili anayesema "msinilipe fedha, nipeni viwanja viwili." Inaonekana kama huruma. Siku hiyo anakuwa mtu mwenye viwanja anayetaka mradi uende kwa vyovyote vile, naye ndiye mliyemweka awaambie usimame.

Na fedha ya ununuzi isipite kwenye akaunti binafsi ya mtu yeyote, awe wakili, dalali, mwenyekiti au kaka mkubwa wa hao ndugu watano. Ilipwe kutoka akaunti ya chama kwenda akaunti ya msimamizi wa mirathi kwa hatua zilizoandikwa kwenye mkataba, au ishikwe na benki kwa makubaliano ya pande zote hadi masharti yatimie.

Mkishampata, mwandikieni barua ya kumteua yenye namba ya muhtasari wa bodi. Mkataba wa huduma useme mteja ni chama, utaje watu wawili wenye ruhusa ya kumpa maelekezo kwa maandishi, na useme kwamba jalada na nakala zake ni za chama hata uongozi ukibadilika. Useme pia ataleta taarifa kwa bodi kila mwezi na atasimama mbele ya mkutano mkuu akiitwa. Ada yake iwe kwenye makisio ya matumizi yaliyopitishwa. Isipokuwemo, mtaulizwa siku COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wakija kukagua.

Kuna hali ambazo jibu la kusoma kama hili halifai, na mnatakiwa kukaa na wakili ana kwa ana siku hiyo hiyo. Kama sehemu ya fedha imekwisha kutoka kimyakimya. Kama mtu mwingine amejitokeza kudai shamba au amekuta vijiti vya mipaka akaving'oa. Kama mmekwisha kutia saini kitu chochote, hata kinachoitwa "makubaliano ya awali". Na kama bodi imegawanyika kiasi cha kutokutana, mwoneni Afisa Ushirika wa halmashauri yenu au Mrajis Msaidizi wa mkoa, maana wakili hawezi kuwatengenezea bodi. Wakili akiwatendea vibaya, Kamati ya Mawakili hupokea malalamiko, lakini nendeni na karatasi, sio hasira.

Basi Jumamosi, kwa maoni yangu, msimchague yeyote kati ya hao watatu. Leteni majina matatu mliyoyahakiki wenyewe, kisha mpeni mmoja kazi ndogo ya kulipwa: afanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, aende mahakamani kuhakiki mirathi, afike kijijini kusoma muhtasari wa halmashauri, kisha awaandikie maoni ya kurasa tatu kwa Kiswahili ambacho muuguzi aliyetoka zamu ya usiku ataelewa. Wiki mbili zinatosha. Mkisoma kurasa hizo mtajua kama ndiye, na mkiona siye mtakuwa mmepoteza ada ya wiki mbili, huku milioni 80 ziko bado benki. Wauzaji wakipiga simu kuuliza mmefikia wapi, waambieni mnasubiri maoni ya wakili wenu, na msikilize vizuri watakavyojibu.